Mwongozo Kamili wa Kuajiri Wafanyakazi wa Kigeni kwa Muda Mfupi: Viza, Mikataba na Njia za Kupata Watu

Mwajiri anayehitaji mafundi sita wa kufunga mitambo katika nchi ya kigeni kwa wiki tano, au mwenye shamba anayehitaji wavunaji sitini kwa miezi minne, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni viza gani itakayowaingiza watu hao upesi. Swali hilo ni halali, ila linaulizwa mapema mno. Afisa wa uhamiaji hatazami jina la viza peke yake. Hutazama kazi itakayofanyika, nani anailipia, nani atatoa maagizo kazini na kwa siku ngapi, na viza hutokana na majibu hayo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kazi yenyewe, unapita kwenye muundo wa ajira, ndipo unafika kwenye viza, kisha unaingia katika kodi, hifadhi ya jamii na sheria za kazi, ambazo ndizo huwanasa waajiri waliodhani wamemaliza kila kitu ubalozini.

Nchi zinazotajwa ni mifano ya namna kanuni zinavyofanya kazi. Ada, viwango na muda wa kusubiri hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kuwasilisha ombi lolote hakiki masharti ya siku hiyo katika tovuti rasmi ya idara ya uhamiaji na ya wizara ya kazi ya nchi husika.

Hatua ya kwanza: Iandike kazi kabla ya kumtafuta mtu

Chukua ukurasa mmoja na uiandike kazi kwa vitenzi. Usiandike "huduma za kiufundi", kwa maana maneno hayo hayamwambii afisa lolote. Andika kukagua, kufunga, kuchomelea, kuunganisha nyaya, kufundisha, kusimamia, kuvuna, kupakia. Sheria za nchi nyingi hutenganisha shughuli zinazoruhusiwa kwa mgeni wa kibiashara na zile zinazodai kibali cha kazi kwa vitenzi kama hivyo hivyo, na mtu yule yule anaweza kuwa halali asubuhi anapofundisha namna ya kuendesha mashine na akawa amevunja sheria alasiri anapoinua chuma na kuanza kujenga jukwaa lake.

Chini ya vitenzi hivyo andika ni mahali gani hasa kazi itafanyika, nani atafaidika nayo, nani atamlipa mfanyakazi na fedha hizo hatimaye zitabebwa na nani, nani atampangia saa na kumsahihisha, na tarehe za kuanza na kumaliza pamoja na nafasi ya kuchelewa. Ongeza uraia wa kila mtu na nchi anayoishi kihalali kwa sasa, kwa kuwa mambo hayo mawili hayafanani na yote mawili yana uzito. Mwisho, angalia kama kazi yenyewe inadai leseni ya taaluma katika nchi inapofanyika, kama ilivyo mara nyingi kwa kazi za umeme, uuguzi na udereva wa magari makubwa. Kibali cha kazi hakimpi mtu leseni ya taaluma, na leseni ya taaluma haimpi kibali cha kazi.

Hatua ya pili: Uliza kama kibali cha kazi kinahitajika kweli

Karibu kila nchi ina kundi la wageni wa kibiashara, yaani watu wanaoruhusiwa kuingia kwa muda mfupi kwa ajili ya mikutano, majadiliano ya mikataba, maonyesho ya biashara na mafunzo, wakiendelea kulipwa na mwajiri wao wa nyumbani. Hapa ndipo pana nafuu kubwa kuliko kwingine, na hapa ndipo pana hatari kubwa, kwa sababu mpaka kati ya ziara ya kibiashara na kazi ni mwembamba.

Uingereza inamruhusu mgeni aliyeingia kwa viza ya kawaida ya matembezi, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6, kufunga, kubomoa, kukarabati au kuhudumia mashine na programu, mradi mwajiri wake wa ng'ambo ndiye mtengenezaji au msambazaji na ana mkataba wa kuuza, kusambaza au kukodisha kifaa hicho kwa kampuni iliyoko Uingereza. Kanada ina kipengele kinachofanana na hicho kwa huduma baada ya mauzo, ila haitaki mgeni huyo afanye kwa mikono yake kazi za ujenzi. Marekani, chini ya viza ya B-1, yaani ya mgeni wa kibiashara, inamruhusu fundi kufunga au kuhudumia mitambo iliyonunuliwa kutoka kampuni ya nje iwapo mkataba wa mauzo unamtaka muuzaji atoe huduma hiyo. Kazi za ujenzi haziruhusiwi, isipokuwa kusimamia au kufundisha wengine wanaojenga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkataba wa mauzo usomwe kabla ya fomu ya viza: kama kipengele cha ufungaji hakimo ndani yake, barua ya mwaliko iliyoandikwa vizuri kiasi gani haitaziba pengo hilo.

Yaliyotokea tarehe 4 Septemba 2025 katika eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Ellabell, jimbo la Georgia, yanaonyesha namna mpaka huo unavyoweza kuwagharimu watu. Maafisa wa uhamiaji wa Marekani waliwakamata watu 475, na zaidi ya 300 kati yao walikuwa raia wa Korea Kusini, baadhi wakiwa wameingia kwa B-1 au kwa mpango wa msamaha wa viza wa siku 90. Mabishano yaliyofuata kati ya serikali hizo mbili yalihusu swali lile lile: kazi ya kufunga na kuwasha mitambo ya kiwanda kipya inaishia wapi, na ujenzi unaanzia wapi. Swali kama hilo lipatiwe jibu la maandishi kutoka kwa mwanasheria wa uhamiaji wiki kadhaa kabla ya safari, na nakala yake iwe mkononi mwa kila fundi.

Kwa eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao, kumbuka kwamba viza ya muda mfupi humpa mtu ruhusa ya kuingia na kukaa, haimpi ruhusa ya kufanya kazi. Ruhusa ya kazi huamuliwa na kila nchi kwa sheria yake, hivyo shughuli iliyo halali bila kibali katika nchi moja inaweza kudai kibali upande wa pili wa mpaka usio na kizuizi chochote barabarani.

Hatua ya tatu: Chagua muundo wa ajira

Ukishabaini kwamba kibali kinahitajika, usikimbilie bado orodha ya viza. Amua kwanza nani atakuwa mwajiri wa kisheria wa watu hao.

Watu ambao tayari wana haki ya kufanya kazi katika nchi ile husahaulika mara nyingi. Wapo raia wa Umoja wa Ulaya wanaohama kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine, vijana walioko kwenye mipango ya likizo na kazi, wanafunzi wenye ruhusa ya saa kadhaa, na wenzi wa wakaazi halali. Kwao unahakiki nyaraka tu. Angalia mipaka hata hivyo: viza ya likizo na kazi ya Australia, namba 417, kwa kawaida hairuhusu kumtumikia mwajiri mmoja zaidi ya miezi 6.

Njia nyingine ni kumtuma mwajiriwa wako mwenyewe huku akibaki katika orodha yako ya mishahara. Inafaa pale kazi inapotokana na mkataba wa huduma kati ya kampuni yako na mteja wa nje, na wewe ndiwe unayeendelea kumwelekeza. Ndani ya Umoja wa Ulaya njia hii ina manufaa ya pekee, kwa sababu mahakama ya umoja huo, katika hukumu ya kesi ya Vander Elst ya mwaka 1994, iliamua kwamba kampuni ya nchi mwanachama inayotoa huduma katika nchi nyingine inaweza kwenda na wafanyakazi wake wasio raia wa umoja huo, ambao wameajiriwa kihalali, bila kulazimishwa kuwaombea vibali vipya vya kazi huko. Masharti ya viza na taarifa za awali bado yapo.

Njia ya tatu ni mteja au tawi la huko kumwajiri mfanyakazi moja kwa moja kwa mkataba wa muda maalumu. Kwa kazi za msimu na zinazodumu miezi kadhaa, hii ndiyo njia iliyo safi kuliko zote: anayeelekeza kazi ndiye anayelipa, na ndiye anayewajibika.

Wakala wa wafanyakazi wa muda, anayeajiri watu kisha akawakodisha kwa mtumiaji, anastahili uangalifu wa pekee. Ujerumani inadai leseni kwa biashara hiyo, inaweka ukomo wa kawaida wa miezi 18 kwa mtu mmoja kwa mtumiaji mmoja, na zaidi ya hapo sheria yake ya ukaazi inazuia idhini ya kazi kwa mgeni kutoka nje ya Ulaya anayekusudiwa kukodishwa kwa namna hiyo. Mwajiri asiyejua kifungu hicho anaweza kupoteza miezi mitatu akisubiri kibali ambacho hakiwezi kutoka. Japani nayo, katika mpango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu ulioanza Aprili 2019, inaruhusu ukodishaji katika kilimo na uvuvi tu. Uingereza ilitunga sheria ya leseni kwa wanaopeleka vibarua mashambani na kwenye ukusanyaji wa kome mwaka 2004, mwaka ule ule ambao watu wasiopungua 21 kutoka China walikufa maji usiku wa Februari wakikusanya kome katika ghuba ya Morecambe chini ya wakala aliyewatelekeza. Chini ya sheria hiyo anayemtumia wakala asiye na leseni anatenda kosa pia, kwa hiyo kuitafuta namba ya leseni katika daftari la umma ni jukumu lako wewe mtumiaji.

Zipo pia kampuni za kuajiri kwa niaba, ambazo humsajili mfanyakazi kama wao huku kazi ikifanyika kwa ajili yako. Zinasaidia sana kwa mtu ambaye ni raia au mkaazi wa nchi ile. Kwa mgeni anayehitaji udhamini wa viza, uliza swali moja kabla ya kutia saini: je, sheria ya nchi hii inairuhusu kampuni yenu kumdhamini mtu ambaye atafanya kazi kwa mteja? Mara nyingi jibu la muuzaji huduma ni refu kupita kiasi, na urefu huo ni jibu tosha.

Mkandarasi binafsi nitampitia haraka. Kumwita mtu mkandarasi hakumwondolei haja ya kibali, na kama anafuata saa zako, anatumia vifaa vyako na hana mteja mwingine, wakaguzi wa kazi wa nchi nyingi watamhesabu kuwa mwajiriwa wako licha ya mkataba kusema vingine. Viza za wafanyakazi wa mtandaoni, kama ile ya Estonia iliyoanza mwaka 2020, ni za watu wanaomtumikia mwajiri au wateja walioko nje ya nchi hiyo; usimweke mtu wa namna hiyo kwenye sakafu ya kiwanda.

Hatua ya nne: Linganisha viza zinazolingana na muundo uliouchagua

Kwa kazi za msimu, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 kuhusu wafanyakazi wa msimu inaziachia nchi wanachama zilizofungwa nayo kuweka ukomo kati ya miezi 5 na 9 katika kila miezi 12. Kanada ina mpango wa wafanyakazi wa msimu wa kilimo ulioanza mwaka 1966, unaoruhusu hadi miezi 8 kati ya tarehe 1 Januari na 15 Desemba. New Zealand, tangu 2007, inawaruhusu waajiri waliothibitishwa wa kilimo cha matunda na zabibu kuleta watu wa visiwa vya Pasifiki kwa miezi 7 katika kila miezi 11, na mwajiri hubeba nusu ya nauli ya kwenda na kurudi. Uingereza ina viza ya msimu ya miezi 6 kwa kilimo cha bustani, lakini mkulima hawezi kuwa mdhamini. Udhamini hutolewa na waendeshaji wachache walioidhinishwa na serikali, hivyo mkulima huzungumza na mwendeshaji na wala haandikii idara ya uhamiaji.

Marekani imegawa kazi za muda katika makundi mawili. H-2A ni ya kilimo na haina ukomo wa idadi, ila mwajiri analazimika kutoa makazi bila malipo kwa wasioweza kurudi makwao siku hiyo hiyo, kurejesha gharama za safari ya kuja mfanyakazi akimaliza nusu ya mkataba, kumlipia safari ya kurudi akiumaliza, na kumhakikishia kazi ya angalau robo tatu ya saa zilizoahidiwa. H-2B ni ya kazi zisizo za kilimo, kama hoteli, bustani na usindikaji wa samaki, na ina ukomo wa kisheria wa watu 66,000 kwa mwaka wa fedha, nusu wakianza kazi kabla ya Aprili na nusu kuanzia Aprili. Nusu hizo hujaa mapema, kwa hiyo mpango wowote wa H-2B usio na mbadala si mpango.

Kwa wataalamu wa wiki chache zipo njia za mkato zinazofaa kujulikana. Australia ina viza namba 400 kwa kazi ya kitaalamu isiyoendelea, kwa kawaida hadi miezi 3, na hadi 6 kwa sababu zenye uzito. Kanada, tangu Juni 2017, inamsamehe kibali mtaalamu wa ngazi ya juu kwa siku 15 mfululizo mara moja katika miezi 6, au siku 30 mfululizo mara moja katika miezi 12. Msamaha huu hauhusu vibarua, na siku hizo huhesabiwa mfululizo hata kama mtu aliondoka wikendi.

Uhamisho ndani ya kampuni, kama L-1 ya Marekani au njia za uhamaji wa kibiashara ambazo Uingereza ilizizindua Aprili 2022, unamfaa meneja au mtaalamu aliyekwisha kufanya kazi katika kampuni dada kwa muda. Haumfai mtu uliyemwajiri wiki iliyopita kwa ajili ya safari hii. Korea Kusini, kwa upande wake, tangu 2004 huwaajiri wafanyakazi wa kawaida kupitia makubaliano kati ya serikali na serikali, na mawakala binafsi hawana nafasi katika mpango huo. Mtu anayekuuzia "nafasi" ndani yake anakuuzia hewa.

Hatua ya tano: Chora kalenda yenye hesabu nne tofauti

Uhamiaji, kodi, hifadhi ya jamii na sheria za kazi kila kimoja kina hesabu yake ya siku, na hesabu hizo hazianzi wala haziishi pamoja. Mtu anaweza kuwa salama katika tatu na akawa amevunja ya nne.

Hesabu ya uhamiaji katika eneo la Schengen ni siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kipindi hicho hutembea kila siku, wala hakianzi upya kwa mwezi au mwaka. Chukua fundi aliyeingia tarehe 1 Machi na kutoka tarehe 14 Aprili: ametumia siku 45. Akirudi tarehe 1 Juni anabakiwa na siku 45 nyingine, na lazima awe ametoka ifikapo tarehe 15 Julai. Hawezi kurudi hadi tarehe 28 Agosti, siku ambayo tarehe 1 Machi inakuwa imeshaanguka nje ya dirisha la siku 180. Kuanzia hapo kila siku ya zamani inayoanguka humpa siku moja mpya. Siku alizokaa kwa kibali cha ukaazi au viza ya kitaifa ya muda mrefu haziingizwi katika hesabu hii. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 eneo hilo limeanza kuandika kuingia na kutoka kwa wageni kwa mfumo wa kielektroniki badala ya mihuri, kwa hiyo makosa ya siku mbili tatu yaliyokuwa yakipita bila kuonekana sasa huonekana.

Hesabu ya kodi ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu husema, "chini ya siku 183 hakuna kodi", na msemo huo ni theluthi moja tu ya kanuni. Katika mikataba ya kodi kati ya nchi na nchi inayofuata kigezo cha OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kifungu cha 15, mshahara wa mgeni huepuka kodi ya nchi ya kazi pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: asizidi siku 183 katika kipindi cha miezi 12, mshahara ulipwe na mwajiri asiye mkaazi wa nchi hiyo au kwa niaba yake, na mzigo wa mshahara usibebwe na kituo cha kudumu cha mwajiri katika nchi hiyo, yaani mahali pa biashara panapoipa nchi hiyo haki ya kuitoza kampuni kodi. Mikataba mingine ya zamani huhesabu kwa mwaka wa kodi badala ya miezi 12 inayotembea. Tena, nchi kadhaa hutazama nani ndiye mwajiri halisi kiuchumi, kwa hiyo ukimkodisha mteja mtu wako, naye akamwelekeza na kukurudishia gharama za mtu huyo kwa ankara, kodi inaweza kuanza siku ya kwanza. Na kama hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili, kinga hii yote haipo.

Kampuni nayo ina hesabu yake. Eneo la ujenzi au ufungaji hugeuka kituo cha kudumu likizidi miezi 12 kwa kigezo cha OECD, lakini kigezo cha Umoja wa Mataifa, kinachofuatwa na nchi nyingi zinazoendelea, kinasema miezi 6, na kinahesabu pia utoaji wa huduma unaozidi siku 183. Baada ya hapo nchi hiyo inaweza kutoza kodi faida ya mradi, mbali na mishahara.

Kuhusu hifadhi ya jamii, kanuni ya kawaida ni kwamba michango hulipwa mahali kazi inapofanyika. Ndani ya Umoja wa Ulaya aliyetumwa kwa muda usiotarajiwa kuzidi miezi 24 hubaki katika mfumo wa nyumbani akiwa na cheti cha A1 kinachothibitisha hivyo, ambacho kiombwe kabla ya safari na kibebwe. Kati ya nchi nyingine tafuta kama kuna makubaliano ya pande mbili. Yasipokuwepo, huenda ukalipa huku na kule.

Hesabu ya nne ni ya sheria za kazi. Kwa waliotumwa ndani ya Umoja wa Ulaya, marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 30 Julai 2020 yanadai mtu alipwe ujira wa nchi ya kazi pamoja na nyongeza zake, siyo kima cha chini peke yake, na baada ya miezi 12, inayoweza kurefushwa hadi 18 kwa taarifa yenye sababu, karibu masharti yote ya kazi ya nchi hiyo humhusu. Fedha za nauli, chakula na malazi zinazorejeshwa hazihesabiki kuwa sehemu ya ujira. Nchi nyingi huko hudai pia taarifa ya mtandaoni kabla ya mtu kukanyaga eneo la kazi, na faini hutozwa hata kama mshahara wenyewe ulikuwa sahihi.

Hatua ya sita: Rudi nyuma kutoka tarehe ya kuanza kazi

Panga ratiba kwa kuanzia mwisho. Pale mwajiri anapotakiwa kuthibitisha kwamba hakupatikana mwenyeji wa kufanya kazi hiyo, tangazo la nafasi lina siku zake za lazima: kwa H-2B ombi kwa wizara ya kazi huwasilishwa siku 75 hadi 90 kabla ya tarehe ya kuanza, na kwa H-2A tangazo hupelekwa kwa wakala wa ajira wa jimbo siku 60 hadi 75 kabla. Kanada hutoza dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi inayofanyiwa tathmini ya soko la kazi, isipokuwa nafasi chache kama za kilimo cha msingi, na mwajiri haruhusiwi kuirudisha gharama hiyo kwa mfanyakazi.

Nyaraka za mfanyakazi ndizo huchelewesha zaidi kuliko fomu zenyewe. Vyeti vya elimu na cheti cha polisi huenda vikahitaji apostili, yaani muhuri wa serikali unaothibitisha waraka utumike nje ya nchi, ikiwa nchi zote mbili zimo katika mkataba wa The Hague wa mwaka 1961. Kama mojawapo haimo, vinapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na safari hiyo ni ndefu. Tafsiri ifanywe baada ya apostili, siyo kabla, ili muhuri nao utafsiriwe. Linganisha jina katika pasipoti na jina katika vyeti herufi kwa herufi, kwa sababu tofauti ya jina la babu imewahi kurudisha faili nyingi nyuma. Hakikisha pasipoti ina muda wa kutosha baada ya tarehe ya kutoka, pamoja na kurasa tupu.

Hatua ya saba: Watafute watu bila kuwatoza, na uandike mkataba wanaoweza kuusoma

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada au gharama za kutafutiwa kazi, ukiacha nafasi finyu ya msamaha. Mwajiri makini hufuata kanuni hiyo hata mahali ambapo haijaridhiwa, na hata kama hana huruma ana sababu ya kuifuata: mfanyakazi aliyekopa ili apate kazi ya miezi minne hufika akiwa na deni ambalo mshahara huenda usilimalize, na mtu wa namna hiyo ndiye hutoroka kazini au huzidisha muda wa viza. Muulize kila mmoja, kwa faragha na kwa lugha yake, amelipa nini na kwa nani. Uliza kabla hajasafiri, kisha uliza tena wiki mbili baada ya kufika, maana jibu la pili mara nyingi ni tofauti na la kwanza.

Mkataba uwe katika lugha anayoifahamu mfanyakazi, na auone kabla hajaacha kazi aliyonayo. Utaje mshahara kwa sarafu ya malipo, saa za kawaida na za ziada, kila makato kwa jina na kiasi, malazi na bei yake, bima ya afya na ya ajali kazini, nani analipa nauli ya kurudi mradi ukikatishwa mapema, na namna ya kulalamika bila kupitia kwa msimamizi wake. Hakikisha mkataba huo ni ule ule uliowasilishwa kwenye ombi la viza. Mkataba wa pili unaowekwa mezani mtu akishashuka ndege ni udanganyifu katika nchi nyingi. Pasipoti ibaki kwa mwenyewe. Ukihitaji nakala, toa nakala, kwa kuwa kushikilia nyaraka za utambulisho ni mojawapo ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vinavyotumiwa na Shirika la Kazi Duniani.

Hatua ya nane: Siku ya kuanza, na siku ya kuondoka

Hakiki haki ya kufanya kazi kwa nyaraka halisi au kwa mfumo wa mtandaoni wa serikali, kisha uhifadhi ushahidi wenye tarehe. Uingereza inataka uhakiki huo uwe umefanyika kabla ya kazi kuanza, na tangu tarehe 13 Februari 2024 faini ya kumwajiri asiye na haki ya kazi inafika pauni 45,000 kwa mtu mmoja kwa kosa la kwanza na 60,000 likirudiwa. Marekani inadai fomu ya I-9 ikamilishwe ndani ya siku 3 za kazi tangu mtu aanze.

Kwenye eneo la kazi weka faili moja lenye nakala ya pasipoti na viza ya kila mtu, mkataba, cheti cha hifadhi ya jamii, taarifa ya kutumwa na karatasi za saa, na msimamizi ajue lilipo. Mweleze pia msimamizi huyo, kwa maneno yasiyo na utata, mipaka ya kile kibali kinachoruhusu. Vibali vingi hufungwa kwa mwajiri mmoja, kazi moja na eneo moja, na kumwazima mtu kwa jirani kwa siku mbili kwa sababu huko wamezidiwa ni ukiukaji wa viza yake, hata kama nia ilikuwa njema. Mradi ukichelewa, omba nyongeza kabla ya muda kwisha, kwa sababu nchi nyingi hazipokei ombi la aliyekwisha kupitisha tarehe.

Siku ya mwisho, funga hesabu zote mfanyakazi akiwa bado nchini: mshahara, saa za ziada, siku za likizo ambazo hakuzichukua, dhamana ya makazi, na cheti cha kodi iliyokatwa, ambacho ndicho kitakachomwezesha kudai marejesho nyumbani. Pale ambapo mwajiri ni mdhamini, toa taarifa ya kuondoka kwake kwa idara ya uhamiaji ndani ya muda uliowekwa. Weka nakala ya tiketi au ushahidi mwingine wa kutoka pamoja na hesabu ya siku alizotumia, kwa kuwa akiitwa tena msimu ujao, hesabu hiyo ndiyo karatasi ya kwanza utakayoihitaji mezani.